Niliyoyapitia nikiuza maandazi Green Street, London

Haupiti mwezi sijapigiwa simu na Mswahili mwenzangu, mara nyingi dada aliyehamia London karibuni, akitaka kujua jambo moja tu: "Dada, hao Wapakistani wa Green Street wanalipa?" Wanalipa. Ila si wote, si siku unayoitaka wewe, na si kabla hujaelewa daftari lao linavyokwenda. Nimechoka kueleza vipande vipande kwenye simu huku nalinda karai lisiungue, kwa hiyo naandika yote hapa: ya fedha, ya makaratasi na ya kuudhi.

Kwa asiyepajua, Green Street iko Newham, mashariki ya London. Ukitoka stesheni ya Upton Park tayari uko barabarani. Zamani Jumamosi palijaa mashabiki wa West Ham, lakini timu ilihama uwanja wa Boleyn mwaka 2016 na pale pamejengwa maghorofa ya kuishi. Kilichobaki ni biashara: maduka ya dhahabu, ya sari na shalwar kameez, wauza paan, maduka ya simu, na chakula kila baada ya milango miwili. Kuna anayepika nihari na paya tangu asubuhi, kuna wa seekh kebab na karahi, kuna wa gol gappa, kuna wa mithai, yaani vitamu vyao, mwenye barfi na gulab jamun kwenye kioo na kijana anayekaanga jalebi palepale mlangoni. Wapakistani wapo, Wagujarati wapo, Wabangladeshi, Watamil wa Sri Lanka, na Wasomali wamejichomeka katikati. Ubavuni mwa stesheni kuna soko la Queens Market, linalofunguliwa Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Hapo unapata muhogo, bamia, ndizi za kupika, pilipili mbuzi na samaki. Kulikuwa na mpango wa kulijenga upya soko hilo na kuweka mnara mrefu; wachuuzi na wateja wao walipinga kwa miaka, na mwaka 2009 Boris Johnson, aliyekuwa Meya wa London, akaukataa mpango. Naitaja habari hiyo kwa sababu mchuuzi wa pale bado anakumbuka nani alisimama naye na nani alinyamaza. Ukienda kununua muhogo, nenda na adabu zako.

Mimi nilikuwa nalea wazee, kazi ya zamu, na maandazi nilikuwa napika kwa ajili ya shughuli zetu: arusi, maulidi, misiba. Ya iliki na tui la nazi, kama tunavyopika Tanga. Dada mmoja ndiye aliyenisukuma. Akasema, "Hawa watu wanakunywa chai kuliko sisi. Wapelekee." Nikapeleka kontena moja kwenye duka la mithai ambako huwa nanunua maziwa ya unga. Mwenye duka, tutamwita Bhai, yaani kaka, maana ndivyo ninavyomwita mpaka leo, alichukua moja, akalipasua katikati, akalinusa kabla hajalionja. Halafu akauliza mambo mawili tu: limekaangwa kwa mafuta gani, na jikoni kwangu kuna nyama isiyo halali? Hakuuliza bei. Alipomaliza kutafuna ndipo akasema, akiniita Baji, yaani dada: "Baji, kesho kutwa niletee ishirini."

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kupika. Tulia kwanza.

Ukiwa na viza ya masomo, acha kabisa. Viza hiyo hairuhusu kujiajiri, na maandazi ya kuuza dukani ni kujiajiri. Nimeona binti wa watu akihangaika na wakili kwa ajili ya biashara isiyomlipa hata nauli. Kama hadhi yako inakuruhusu, hatua ya kwanza ni kujisajili halmashauri kama biashara ya chakula, angalau siku 28 kabla hujaanza. Ni bure. Anayekudai fedha ili "akusajilie" anakula jasho lako. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kwa maandishi, kwani mikataba mingi inakataza biashara ndani. Cheti cha usafi wa chakula cha daraja la 2 unasomea mtandaoni jioni moja, kwa bei isiyofika pauni 25. Mapato yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unajiandikisha kwa watu wa kodi, kabla ya Oktoba 5 inayofuata mwisho wa mwaka huo.

Kisha atakuja bwana afya. Wangu alikuwa mwanamke, mpole, na hakukubali hata chai. Nilikuwa nimesugua jiko usiku kucha, nikidhani anakuja kutafuta uchafu. Uchafu aliutazama kwa dakika chache tu. Muda mwingi aliutumia kunihoji. Friji yako ina nyuzi ngapi? Unajuaje? Watoto wako wanapita hapa wakati unakaanga? Nguo unaanika wapi? Unanawa mikono kwenye sinki lipi na unaoshea vyombo lipi? Mafuta yaliyotumika unayapeleka wapi? Hapo ukijibu "namwaga", umejimaliza. Akataka kuona maandishi. Food Standards Agency, mamlaka ya usalama wa chakula, wana faili la usalama wa chakula, linapatikana bure mtandaoni, lenye kurasa za kujaza kila siku. Lijaze kweli, maana wanaangalia kama umelijaza lote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia ukaguzi. Nunua kipimajoto cha kuchoma chakula, kama pauni 12. Chakula cha moto kinachosubiri mteja kikae nyuzi 63 au zaidi. Friji isipite nyuzi 8, na ukiweza iwe 5.

Ukaguzi ukiisha unapewa alama ya usafi, kuanzia 0 hadi 5. England hulazimishwi kubandika stika mlangoni, lakini mtu yeyote anaweza kuitafuta alama yako mtandaoni, na wenye maduka wa Green Street wanaitafuta. Nilipopata 4 badala ya 5 nilinuna wiki nzima. Bhai aliona kwenye simu yake kabla hata sijamwambia, akacheka, akasema duka la jirani yake wana 2.

Sasa nyama. Oda iliyofuata ilikuwa ya sambusa za nyama, na ilikuwa kubwa. Hapa sikilizeni vizuri. Kumuuzia mlaji mwenyewe ni jambo moja, kumuuzia mwenye duka aende kuuza ni jambo jingine. Vyakula vya nyama vikipelekwa kwa wafanyabiashara wengine, halmashauri inaweza kukutaka uwe na kibali maalumu, siyo usajili tu, na kibali hicho kina masharti ambayo jiko la nyumbani haliwezi. Piga simu uulize kabla ya kununua hata kilo moja. Mimi niliuliza, nikaelezwa, nikaiacha ile oda huku roho inaniuma. Dada mwingine hakuuliza. Alipika miezi kadhaa, mpaka bwana afya akakuta mzigo wake kwenye friji ya duka asilolijua, ukatupwa wote, na mwenye duka akakataa kulipia kitu kilichoingia jalalani.

Na hata ukiruhusiwa, swali la pili linakungoja: nyama ya nani? Wateja wa pale hawatosheki na neno halali lililoandikwa kwenye bango. Wanauliza HMC au HFA. Hao ni wasimamizi wawili tofauti wa nyama halali; HMC hawakubali mnyama kupigwa ganzi kabla ya kuchinjwa, HFA wanakubali aina fulani. Kuna mzee atakayegeuza na kuondoka akisikia jibu asilolitaka. Usibishane naye dini kwenye duka la mtu.

Nikabaki na maandazi, kachori zetu za viazi, na muhogo. Kachori zilinipa shida ya ajabu: Mgujarati akisikia jina anategemea kitu cha dengu chenye ganda gumu, anauma, anakuta kiazi chenye ndimu na pilipili, uso unabadilika. Nikabandika picha na orodha ya vilivyomo, malalamiko yakaisha. Orodha hiyo siyo hiari, tena. Pakiti yoyote unayompelekea mwenye duka iwe na viungo vyote, na vile vinavyodhuru wenye mzio vikolezwe wino: ngano, mayai, maziwa. Viko 14 kwenye orodha ya Uingereza. Haradali imo, ufuta umo. Nazi haimo, lakini mimi naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nusu ya andazi langu ni tui. (Haradali yenyewe, chupa za mafuta yake kwenye maduka yale zimeandikwa kuwa ni ya kupaka tu, na kila mtu kwenye foleni anajua jirani yake anakwenda kupikia.)

Tuje kwenye fedha. Bhai alinilipa taslimu mara za mwanzo. Duka la pili na la tatu wakasema: acha mzigo, ukiuzika tunakulipa, usipouzika unauchukua. Ni mali kauli, hakuna mtu wa kwetu asiyeijua. Lakini mali kauli ya vitenge na ya maandazi haziko sawa. Kitenge kisiponunuliwa leo kitanunuliwa Idi. Andazi la Jumanne, ikifika Alhamisi ni la kumwagia kuku, na London sina kuku. Hasara yote ya kuchacha ilikuwa juu yangu, ilhali mwenye duka hakuwa na sababu ya kuliweka mahali linapoonekana. Nilikuta pakiti zangu nyuma ya maboksi ya sharubati ya Rooh Afza, zimetoa jasho ndani ya plastiki.

Mahesabu yangu yalikuwa hivi: pakiti ya maandazi sita namuuzia mwenye duka pauni 1.30, yeye anauza 2. Ngano si kitu. Tui si kitu sana. Iliki ndiyo iliyonitafuna, pamoja na mafuta, gesi, pakiti, lebo na nauli ya basi. Pakiti zikirudi mbili katika kumi, nimefanya kazi ya bure. Zikirudi tatu, nimewalipa wao. Kwa hiyo nikaweka sharti: pakiti chache, kila siku mbili, na zisizouzika tunagawana hasara nusu kwa nusu. Wawili walikubali. Mmoja alisema nitafute duka jingine, nami nikalitafuta.

Kilichoniliza hasa ni duka moja, silitaji, lililokuwa linaniandika daftarini. Kila wiki: "Baji, Ijumaa." Ijumaa ikifika: "Baji, mwenyewe yuko Lahore." Deni lilipopita pauni 300 nilikwenda nikakuta bango jipya na sura mpya kaunta. Yule mpya alinipa chai, akanisikiliza kwa heshima zote, akasema amenunua duka, hakununua madeni. Nilitoka pale nikatembea mpaka Forest Gate, mtaa wa jirani, bila kujua nakwenda wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lilikuwepo, tatizo ni kwamba lilikuwa la mwenye duka, si langu. Tangu siku hiyo natembea na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kila mzigo: tarehe, idadi, bei, na sahihi ya yeyote aliyepo kaunta, hata kama ni kijana wa miaka kumi na saba. Na juu ya risiti naandika jina la kampuni, siyo jina la bango. Bango linaweza kusema "Lahori" hiki au "Karachi" kile, lakini mwenye kulipa ni kampuni yenye jina jingine kabisa. Liangalie kwenye risiti wanayompa mteja, kisha litafute kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni. Ni bure, na utaona wakurugenzi ni akina nani na kama kampuni bado ipo hai. Ukiwa na hayo, deni dogo unaweza kulidai mahakamani kwa mtandao bila wakili, kwa ada ya pauni 50 hivi kwa deni kama langu. Bila jina sahihi utamshitaki nani? Mimi nilisamehe, si kwa wema, ila sikuwa na karatasi.

Msifikiri ni kunyonywa tu. Kuna Masi (mama mdogo) mmoja, mama wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisumu, aliyeona lebo yangu akasimama katikati ya duka: "Wewe natoka Tanga? Mimi najua Tanga! Iko mandazi ya moto?" Mtaa ule una wengi wa aina yake. Kuna waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuna waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Waasia 27,000 na zaidi waliingia Uingereza kutoka Uganda wakati ule. Ndiyo maana mogo, yaani muhogo, ya kukaanga iko kwenye menyu za Kihindi London nzima, na ndiyo maana muhogo wangu uliuzika bila kuelezwa. Masi alinitangaza bure kwenye hekalu lake na kwenye kikundi chao cha akina mama. Anadai punguzo kila wiki. Hapewi kila wiki.

Kwa Wapakistani ilichukua muda zaidi. Wao wana vitu vyao vya chai, rusk na bakarkhani, na andazi waliliona kama donati lisilo na sukari. Aliyenifungua macho ni Chacha (baba mdogo), mzee anayepika halwa puri, chakula chao cha asubuhi, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Foleni yake inatoka nje. Akaniambia niweke trei pale karibu na birika, si kwenye rafu, kwa sababu mtu aliye kwenye foleni ana njaa na hana la kufanya. Andazi moja moja, la moto, bila pakiti. Wikiendi ile niliuza kuliko wiki nzima ya rafuni. Wakati wa baridi, chai yao ya Kashmiri ya rangi ya waridi inapoanza kutoka, andazi linakwenda lenyewe. Msimu wa maembe ya Chaunsa, Julai na Agosti, maboksi yanajaa mpaka barabarani na hakuna anayekutazama. Huo ndio wakati wangu wa kwenda likizo.

Ramadhani nayo ina hesabu zake. Kuanzia alasiri maduka yanatoa meza nje, pakora na samosa zinakaangwa mfululizo, na saa moja kabla ya futari hakuna pa kupita. Ukifika na mzigo wakati huo, hakuna atakayekupokea. Kila mkono una kazi. Mzigo uwe dukani kabla ya alasiri. Na ufuatilie saa: mwaka 2024 saa zilisogezwa mbele Machi 31, Ramadhani ikiwa katikati, futari ikaruka kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni kwenda saa moja na nusu kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimeshazoea ratiba ya mwanzo, maandazi yakakaa saa nzima ya ziada yakipoa. Usiku wa kuamkia Idi, Chaand Raat, watu wanajaa kwa ajili ya hina na bangili, magari hayasogei, na mwenye duka anataka mara tatu ya oda ya kawaida. Mpe, lakini taslimu. Idi ikipita, mtaa mzima unalala, na kumtafuta mtu wa kukulipa wiki hiyo ni kujitafutia shinikizo la damu.

Baada ya hapo tamaa iliniingia ya kuwa na kaunta yangu. Kijana mmoja alinipa kona ndani ya duka lake, meza na soketi mbili, kwa pauni 150 kwa wiki na kilemba cha pauni 1,000. Kabla sijatoa kilemba nilimwomba mkataba wake na mwenye jengo. Alikasirika, akasema namdharau. Nikamwambia, bhai, sikudharau, ila nimeshanyweshwa chai na mtu aliyenunua duka bila madeni. Hakuleta mkataba, nami sikutoa fedha. Miezi michache baadaye kufuli zilibadilishwa, notisi ya mwenye jengo ikabandikwa kwenye kioo, na friji za watu wawili waliokuwa wamekodi kona humo zikabaki ndani.

Kwa hiyo sina kaunta. Nina maduka matatu yanayolipa, trei ya Chacha wikiendi, na oda za Masi na wenzake. Kazi ya kulea wazee sijaiacha, nimepunguza zamu. Kinachonikwamisha sasa ni mikono: kukanda unga wa oda za Ijumaa kunaniacha siwezi kushika kalamu ya kujaza lile faili la bwana afya. Anayejua pa kupata mashine ya kukandia ya mtumba, ya lita ishirini, isiyopiga kelele sana, anijulishe. Jirani wa chini ameshagonga mlango mara moja kwa ajili ya kinu cha iliki, na nilimtuliza kwa maandazi manne.